UZI: RV ya kukodi kutoka Minneapolis hadi Yellowstone, na kulala kwa ndugu Sioux Falls

#1 Tanga_Barabarani

Wakuu, kila kiangazi swali hili hurudi. Wazazi wamekuja Minnesota kutoka nyumbani, kuna ndugu Sioux Falls ambao ni lazima wasalimiwe, na watoto wanataka kuona nyati na chemchemi za moto za Yellowstone. Je, RV, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, inafaa?

Inafaa, hasa mkiwa na mzee anayehitaji choo karibu na mahali pa kunyoosha miguu. Ila umbali si kitu kinachoharibu safari hizi. Huharibiwa na tangi la choo lililojaa, umeme wa nyumba ya ndugu, na njia ambayo gari haienei. Naweka njia, wajuzi wataongeza.

Minneapolis hadi Sioux Falls ni kama maili 240. Sioux Falls hadi Rapid City kwa barabara ya I-90 ni kama maili 340. Hapo usikimbie: toka kwenye mchepuo namba 131, pita barabara ya 240 ndani ya hifadhi ya Badlands, urudi I-90 mjini Wall, mchepuo namba 110. RV kubwa inapita barabara hiyo bila shida. Kutoka Rapid City hadi Devils Tower ni kama maili 110, kisha 130 hadi Buffalo, Wyoming, kisha 180 hadi Cody. Cody hadi lango la mashariki la Yellowstone ni maili 52, na 27 nyingine hadi kambi ya Fishing Bridge ndani ya hifadhi. Jumla inakaribia maili 1,080 kwenda tu. Ukiweka kurudi na mizunguko ya katikati, hesabu 2,400.

Gari la daraja C, yaani RV ya kati iliyojengwa juu ya chasi ya gari la mizigo, lenye urefu wa futi 25 hadi 28, injini ya petroli, hula galoni moja kwa maili 8 hadi 10. Maili 2,400 kwa 9 ni galoni 267. Petroli ikiwa dola 3.50, hiyo ni dola 934. Ongeza malipo ya maili: wakodishaji wengi hutoa maili chache kwa siku, zikizidi unalipa kwa kila maili. Soma hapo kabla ya kutazama bei ya kulala.

Siku zisizopungua 12. Usipange zaidi ya maili 300 kwa siku. Kile ambacho gari dogo hufanya kwa saa tano, RV hufanya kwa saa saba.

#2 Bi_Chaani

Asante kaka. Swali: tangazo linasema gari "inalala watu 7". Sisi ni saba, watoto wawili wakiwa kwenye viti vya watoto. Tutaenea?

#3 Fundi_Gereji_MN

Dada, hesabu mikanda, si vitanda. Gari linalolaza saba laweza kuwa na mikanda mitano au sita. Kiti cha mtoto hufungwa kwenye kiti kinachotazama mbele tu. Benchi la ubavuni halifai hata kama lina mkanda. Na benchi la meza, uliza kama lina chuma chini au ni mbao tupu. Omba picha ya mikanda yote kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni uzito. Magari mengi ya daraja C yamejengwa juu ya Ford E-450, ambayo uzito wake wa juu kabisa ni pauni 14,500, yaani karibu tani sita na nusu. Nyumba yenyewe tayari imekula sehemu kubwa. Ndani ya gari, mara nyingi karibu na mlango, kuna kibandiko kinachotaja uzito wa watu na mizigo unaoruhusiwa. Mara nyingi kinachobaki hakifiki pauni 1,500. Watu sita wa pauni 150 ni 900. Galoni 40 za maji safi ni pauni 332. Umebakiwa na nafasi ya masanduku ya nguo na chakula cha siku chache, basi.

Shida huanza mnapoondoka kwa ndugu. Huwezi kumkatalia shangazi anayepakia mfuko wa mchele wa pauni 50, katoni za juisi na sufuria kubwa. Pokea, lakini safiri na maji robo tangi, ujaze ukifika kambini. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kulipia, na ni dakika kumi tu kujua ukweli.

Tairi zake ni za inchi 16, na upepo wake unaweza kufika 80 psi. Pima asubuhi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva. Kwenye tairi tafuta herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka sita, omba gari jingine. Tairi la zamani hupasuka lingali na kashata (meno ya tairi) nzuri, kwa sababu mpira umekauka ndani.

#4 Mwana_Kilindini

Nije kwenye umeme wa kwa ndugu, maana hapo vitu vingi huungua.

RV ya kawaida ina plagi ya ampea 30, volti 120, yaani wati 3,600. Soketi ya nje ya nyumba ni ampea 15, wati 1,800, na kwa matumizi ya muda mrefu usizidi ampea 12. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 peke yake hula ampea 13 hivi, na kinapoanza kuwaka huvuta zaidi. Kwa hiyo ukiunganisha nyumbani kwa ndugu kwa adapta, washa vitu hivi tu: chaja ya betri, taa, friji. Kiyoyozi hapana. Maikrowevu hapana.

Waya wa ekstensheni uwe mnene, geji 10, usiozidi futi 50, na uunyooshe wote. Ule mwembamba wa rangi ya machungwa wa kukatia majani hupoteza volti. Volti zikishuka chini ya 105, kompresa huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, hufa. Kuna kipimo cha volti cha kuchomeka ukutani, hakifiki dola 20. Kiwe jikoni muda wote.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Ndugu mwenye upendo anaita fundi amwekee "soketi ya RV" kabla hamjafika. Fundi anaona tundu tatu na ampea 30, anadhani ni soketi ya mashine ya kukausha nguo, anaipa volti 240. Plagi inaingia vizuri kabisa. Ndani ya sekunde maikrowevu, chaja, bodi ya friji na televisheni vimekufa, na mkodishaji atakudai vyote. Ya RV ya ampea 30 ni 120 tu. Kabla ya kuchomeka kwenye soketi yoyote mpya, pima kwa multimita (kipimo cha umeme). Ikisoma 240, usiguse, muite fundi abadilishe.

Usiku wa joto kweli, washa jenereta ya gari. Ya wati 4,000 hula karibu nusu galoni kwa saa, na hujizima tangi la mafuta likifika robo ili usikwame. Lakini usilale inaunguruma chini ya dirisha la chumba cha wenyeji. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaingia ndani ya nyumba pia.

#5 Tanga_Barabarani

Umesema kweli kabisa mkuu. Naongeza kabla ya kufika: mwambieni ndugu aulize mambo mawili. Je, mji unaruhusu RV kulala uani au barabarani, na kwa siku ngapi? Je, mtaa una chama cha wenye nyumba chenye kanuni zake? Vyama hivyo vingi hupiga faini kwa mwenye nyumba, si kwa mgeni. Jibu likiwa hapana, lipieni kambi ya karibu, mwende kwa ndugu mchana kwa gari lao. Heshima ya mwenyeji mbele ya majirani zake ni kubwa kuliko dola 50 za kambi.

Na kuingia uani: mtu ashuke nyuma. Mkia wa RV umezidi tairi za nyuma kwa futi nyingi, kwa hiyo ukikata kulia, mkia unakwenda kushoto na kugonga sanduku la barua. Ua ukipanda ghafla kutoka barabarani, mkia utakwaruza. Ingia mshazari, taratibu.

#6 Msafiri_wa_Bukavu

Ndugu zangu, na maji? Nyumbani kwetu tuko watu wa udhu na watu wa kutumia kopo chooni. Tangi litafaa?

#7 Mama_Nassor

Swali zuri, na watu huona haya kuliuliza. Tufanye hesabu. Udhu wa uangalifu ni lita moja na nusu. Watu watano, swala tano, ni lita 37.5 kwa siku, karibu galoni 10. Yote huingia tangi la maji ya kijivu, lile la sinki na bafu, ambalo mara nyingi ni galoni 30 hadi 40. Ongeza kuoga: funga maji unapojipaka sabuni, ndipo utumie galoni mbili badala ya kumi. Watu watano ni galoni 10. Vyombo galoni 5. Kwa hiyo tangi la kijivu linajaa siku ya pili mkikaa pasipo mfereji wa maji machafu. Msipoliangalia, maji machafu hupanda kwenye sakafu ya bafu, kwa sababu ndiyo tundu la chini kabisa. Tumieni choo na bafu za kambi, mtawadhe huko mkiweza, mwache za gari kwa mzee na kwa usiku.

Kuhusu kopo chooni, ni faida. Tangi jeusi, yaani la choo, linapenda maji. Adui yake ni karatasi nyingi na maji kidogo. Tupeni karatasi ya RV tu, inayoyeyuka upesi, na msitie kabisa vitambaa vya kufutia watoto, hata pakiti ikisema vinafaa chooni. Havivunjiki, hujisokota kwenye valvu.

Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki. Yaacheni yapoe, muyatie chupani, muyatupe na takataka. Kwenye tangi huganda, yananuka, na yanapaka vipimo.

#8 Bi_Chaani

Dada, nifundishe kumwaga. Hilo ndilo linaloniogopesha.

#9 Mama_Nassor

Kwanza, kambini ukiwa na mfereji, valvu ya tangi jeusi ifungwe daima. Watu huiacha wazi wakidhani ni kama choo cha nyumbani. Maji yanatoka, kinyesi kinabaki na kujenga kichuguu chini ya choo, kikikauka hakitoki tena bila fundi. Subiri tangi lifike theluthi mbili.

Siku ya kumwaga vaa glavu. Unganisha bomba la inchi 3 kwenye gari hadi lifunge kwa mlio, upande wa pili uingie tundu la ardhini na uwekewe uzito. Fungua tangi jeusi kwanza. Ngoja hadi mlio uishe, mimina ndoo mbili za maji chooni, ngoja tena. Funga. Ndipo fungua tangi la kijivu, maji ya sabuni yasafishe bomba. Funga. Chomoa bomba upande wa gari kwanza, liinue ili lililobaki lielekee tunduni, suuza kwa mpira wa hapo hapo, si kwa mpira wako wa maji ya kunywa. Mwisho, rudisha galoni mbili za maji na dawa kwenye tangi jeusi. Tangi kavu ndilo linalonuka.

Kipimo kikiendelea kuonyesha theluthi mbili baada ya kumwaga, usihangaike. Karatasi imeganda kwenye kihisio. Angalia kwa tochi kupitia choo.

Usimwage kwa ndugu. Mfereji wa barabarani huenda mtoni na ni kosa la kisheria. Kuna mahali pa kumwagia katika kambi na katika vituo vingi vya malori.

Mpira wa maji ya kunywa uwe wenyewe, mweupe au wa bluu, na kwenye bomba la kambi uweke kwanza kipunguza msukumo cha 45 psi. Msukumo mkubwa usiku hupasua viungo vya plastiki chini ya sinki, mtaamka zulia linaelea.

#10 Fundi_Gereji_MN

Njia za milimani sasa. RV ina upana wa futi 8 na nusu bila vioo, na kimo futi 11 hadi 12. Andika vipimo vya gari lako, ubandike mbele ya dereva. Ramani ya simu haijui kimo chako.

Black Hills, milima ya magharibi ya South Dakota: msiingie Needles Highway. Tundu la Needles Eye lina upana wa futi 8 hivi, limechongwa kwenye jiwe, haliwezekani. Iron Mountain Road, yaani sehemu ya 16A iliyo kusini mwa Keystone, nayo ina mahandaki membamba na madaraja yanayojizungusha. Kwenda Mount Rushmore, kwenye sanamu za nyuso za marais mlimani, tokeni Rapid City kwa US-16, kisha 16A hadi Keystone, mpande 244. Kiingilio hakuna, maegesho ni dola 10, na pasi ya hifadhi haitumiki kwa maegesho hayo. Kazi ya kuchonga ilianza 1927 ikaisha 1941. Nendeni asubuhi, jua linapiga usoni mwa sanamu.

Kuvuka milima ya Bighorn, Wyoming: kuna njia tatu. US-14A ina miteremko ya asilimia 10. Isahauni. Chukueni US-16 kutoka Buffalo hadi Ten Sleep. Kilele chake, Powder River Pass, ni futi 9,666, lakini barabara ni pana zaidi. Kabla ya kuteremka bonyeza kitufe cha Tow/Haul, punguza gia, injini ishike gari. Breki ikanyagwe imara kwa muda mfupi, kisha iachiliwe, si kulaliwa. Ukilalia, inapata joto hadi pedali inakwenda chini bila kushika. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha, ngoja nusu saa.

Sheli za magharibi ya South Dakota na Wyoming huuza petroli ya okteni 85 kwa bei ya chini. Kitabu cha gari kinataka 87. Bonyezeni 87. Na pampu za mwisho upande wa nje ndizo rahisi kutoka. Gesi ya kupikia izimwe kabla ya kuingia sheli.

Upepo wa I-90 South Dakota usidharauliwe. Ukipiga ubavuni kwa maili 40 kwa saa, egesheni.

#11 Kaka_Mkubwa_Omaha

Naongeza hali ya hewa. Mvua ya mawe na vimbunga huja Juni na Julai, na RV si kimbilio. Kimbilieni jengo la bafu la kambi. Onyo hutolewa kwa jina la kaunti, si la mji, kwa hiyo jueni mlipo: Sioux Falls ni Minnehaha na Lincoln, Kadoka, karibu na Badlands, ni Jackson, Wall na Rapid City ni Pennington.

Na epukeni wiki ya mkusanyiko wa pikipiki wa Sturgis, mwanzoni mwa Agosti. Ulianza 1938 na hujaza kila kambi ya Black Hills.

#12 Bi_Chaani

Wazazi wana visa ya kutembelea. Viingilio vya hifadhi vikoje kwao? Na Yellowstone tulale wapi? Mama ana presha.

#13 Tanga_Barabarani

Kuanzia 1 Januari 2026, pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani, na dola 250 kwa asiye mkazi. Asiye mkazi wa miaka 16 na zaidi, asiye na pasi, hutozwa dola 100 za ziada kwa kichwa kwenye hifadhi 11 zenye wageni wengi, Yellowstone na Grand Teton zikiwemo. Badlands haimo. Kwa wazazi wawili wekeni dola 200 hizo kwenye bajeti tangu mwanzo, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chenye picha.

Yellowstone ina kambi moja tu yenye umeme, maji na mfereji kwa pamoja: Fishing Bridge. Hema haziruhusiwi hapo kwa sababu ya dubu. Nafasi huisha miezi mingi kabla. Mkikosa, laleni Cody na muingie alfajiri.

Kuhusu mama: Fishing Bridge ni karibu futi 7,800. Atapumua kwa haraka, asipande ngazi siku ya kwanza, anywe maji, na dawa ziwe kwenye mkoba wake wa mkononi, si kwenye kabati la juu ambalo hufunguka kwenye kona. Kabla ya safari aonane na daktari wake kuhusu mwinuko huo. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 4 na chini zaidi, hivyo hita itawaka. Hita hula gesi, na feni yake hula betri.

Barabara kuu ya ndani, Grand Loop, ni maili 142 kwa umbo la nane, na mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa. Msiizungushe siku moja. Siku ya kwanza mwende Old Faithful, chemchemi inayorusha maji ya moto juu, mfike kabla ya saa tatu asubuhi kwa sababu maegesho marefu hujaa. Muda wa maji kuruka hubandikwa, hukosea kwa dakika kumi hivi. Njia za mbao zinamfaa mzee, na viti vipo. Watoto washikwe mikono, maana ganda la ardhi pembeni ya chemchemi ni jembamba na maji ya chini huchemka. Nyati, kaeni yadi 25. Dubu na mbwa mwitu, yadi 100.

#14 Mwana_Kilindini

Moja la friji. Zile za gesi na umeme zinataka gari liwe sawa. Mkiegesha mshazari kwa saa nyingi, hazipozi, na insulini ya mzee itaharibika. Wekeni pima maji ndogo sakafuni, mpandishe tairi la upande wa chini juu ya vibao vya plastiki, kisha kabari mbele na nyuma ya tairi. Friji iwashwe mapema, masaa 12 kabla ya safari, na nyama iingie ikiwa imeganda tayari.

#15 Msafiri_wa_Bukavu

Ugali tunapikaje humo bila king'ora cha moshi kulia?

#16 Mama_Nassor

Fungueni tundu la paa na dirisha moja, washeni feni kabla ya kuwasha jiko. Sufuria iwe ndogo, ya watu watatu, mpike mara mbili, kwa sababu jiko la RV ni jepesi na sufuria kubwa huelemea upande mmoja mnaposonga. Samaki mkaangie nje, kwenye jiko dogo la gesi juu ya meza ya kambi, lakini Yellowstone kuna dubu: huko pikeni, mle, na kila kitu kirudi ndani ya gari mara moja, hata chombo cha maji ya kuoshea.